SURA YA KUMI NA MOJA: MWANI MSUMBUFU KATIKA TANGI LA MATUMBAWE

1. Utangulizi

Katika masomo yaliyopita umejifunza kwamba mimea ya kijani hujitengenezea chakula kwa kutumia maji, hewa ya kabonidioksidi na mwanga wa jua. Umejifunza pia kwamba mimea huhitaji chumvichumvi zilizoyeyuka katika maji, na kwamba mkulima huziongeza chumvichumvi hizo shambani kwa kutia mbolea. Katika sura hii utajifunza habari za kiumbe kingine kinachojitengenezea chakula, yaani mwani. Utaona jinsi mbolea inayoingia mahali isipotakiwa inavyoweza kuwaua viumbe wengine.

Tutauchunguza mwani huo ndani ya tangi la kioo. Tangi ni dogo kuliko bahari. Kwa hiyo mambo ambayo baharini huchukua miaka mingi, katika tangi huonekana kwa majuma machache. Anayejua kulitunza tangi ameanza kujua jinsi ya kuitunza bahari.

2. Tangi la matumbawe

Tumbawe hufanana na jiwe, lakini limejengwa na wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja. Kila mnyama ana mdomo uliozungukwa na mikono laini, naye hujijengea kikombe cha chokaa cha kukalia. Vikombe hivyo vikiongezeka kwa miaka mingi, hufanya mwamba wa matumbawe kama ile inayopatikana katika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Katika nchi nyingi watu hufuga matumbawe na samaki wa mwambani ndani ya matangi ya kioo. Maji ya tangi la namna hiyo lazima yafanane na maji ya bahari. Katika kila lita 1 ya maji huwa kuna gramu 35 hivi za chumvi, na joto lake huwa kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi. Taa kali huwashwa badala ya jua, na pampu huyasukuma maji badala ya mawimbi.

Kwa nini matumbawe yahitaji taa, na hali ni wanyama? Sababu ni kwamba ndani ya miili ya wanyama hao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mnyama aliyeuhifadhi. Basi kumbuka jambo hili tangu mwanzo: si kila mwani ni adui. Bila ya mwani huo wa ndani, matumbawe ya namna hii hudhoofika na kufa.

3. Mwani msumbufu

Mwani hauna mizizi, shina wala majani ya kweli. Hufyonza maji na chumvichumvi kwa mwili wake wote. Kwa sababu hiyo waweza kukua upesi sana mahali penye mwanga na chakula kingi.

Mwani huitwa msumbufu unapoongezeka kupita kiasi na kuwadhuru viumbe wengine. Huwadhuru kwa njia tatu. Kwanza, huyafunika matumbawe na kuyazuia yasipate mwanga. Pili, hukalia mawe yote, hata matumbawe machanga yakakosa mahali pa kushika. Tatu, usiku mwani hautoi oksijeni, bali huitumia kwa kupumua kama viumbe wengine wote. Mwani ukiwa mwingi mno, samaki waweza kukosa hewa kabla ya mapambazuko.

4. Jinsi ya kuitambua aina za mwani

Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Vivyo hivyo mtunzaji wa tangi hutambua kwanza aina ya mwani, ndipo achague njia ya kuuzuia. Anapoona kitu kigeni katika tangi lake, hujiuliza maswali manne:

(i) Kina rangi gani?
(ii) Ni unga, utando, nywele au vipovu?
(iii) Kikiguswa hutoka kwa urahisi au hushikilia jiwe?
(iv) Kinapatikana wapi: juu ya kioo, mchangani au mawe­ni?

Zifuatazo ni aina zinazoonekana mara nyingi.

(a) Unga wa kahawia. Huu hutanda juu ya mchanga na kioo cha tangi jipya, nao hufutika kwa kidole. Kwa kweli ni maelfu ya viumbe wadogo waitwao daiatomu. Kila kimoja kina ganda la silika, kitu kile kile kilicho katika mchanga na kioo. Silika iliyoyeyuka majini ikipungua, unga huo hutoweka wenyewe, mara nyingi baada ya majuma machache.

(b) Nywele za kijani. Ni nyuzi laini zinazoota juu ya mawe na kuyumbayumba katika maji. Zikivutwa hukatika, lakini sehemu iliyoshika jiwe huota tena. Nywele hizi ni dalili kwamba maji yana chumvichumvi nyingi.

(c) Vipovu vya kijani. Huonekana kama shanga zinazong'aa. Jambo la ajabu ni kwamba katika aina moja ya mwani huu, kila kipovu ni seli moja tu, ingawa chaweza kuwa kikubwa kuliko punje ya hindi. Usikipasue kipovu ndani ya maji, maana chaweza kumwaga mbegu nyingi ndogo zitakazoota mahali pengine. Kibandue kizima.

(d) Utando mwekundu. Huu hutanda kama kitambaa chenye utelezi, na huweza kuvuliwa kama ngozi. Aghalabu hunuka. Watu wengi huuita mwani, lakini wataalamu wamethibitisha kwamba ni jamii ya bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Hupenda mahali ambapo maji hayaendi kasi na uchafu umetuama.

(e) Kamasi ya kahawia. Hii hufanana na utelezi wenye nyuzi, nayo hunasa mapovu madogo ya hewa. Mchana huongezeka na usiku hupungua. Viumbe hawa huitwa dinoflagelata. Baadhi yao wana sumu, na konokono wanaowala waweza kufa.

(f) Gamba la waridi. Huu ni mwani wenye chokaa, mgumu kama jiwe, na hautoki kwa kukwanguliwa na kidole. Mwani huu si msumbufu. Baharini huyaunganisha mawe ya mwamba kama saruji, na matumbawe machanga hupenda kushika juu yake. Usiuondoe.

5. Jaribio: Mwani huhitaji nini ili ukue?

Huhitaji kuwa na tangi la matumbawe ili kupata jibu la swali hili. Fanya jaribio hili pamoja na wenzako.

Vifaa: chupa tatu zinazopitisha mwanga, boksi la kufunikia, kijiko, samadi kidogo iliyolowekwa katika maji, na maji ya bwawa yenye rangi ya kijani kidogo. Mwalimu ndiye atakayeyachota maji ya bwawa, kwa kuwa maji hayo huweza kuwa na vijidudu vya kichocho. Shule zilizo karibu na bahari zaweza kutumia maji ya bahari na kipande kidogo cha mwani.

Njia:
1. Jaza maji ya bwawa katika chupa zote tatu kwa kiasi kilicho sawa. Ziandike A, B na C.
2. Usitie kitu chochote katika chupa A.
3. Tia kijiko kimoja cha maji ya samadi katika chupa B, na kijiko kimoja katika chupa C.
4. Weka chupa A na B dirishani. Weka chupa C karibu nazo, lakini ifunike kwa boksi ili isipate mwanga.
5. Zitazame kila baada ya siku 3 kwa muda wa majuma matatu. Andika rangi ya maji ya kila chupa katika daftari lako.
6. Kila umalizapo, osha mikono kwa sabuni.

Linganisha chupa B na A. Zote mbili zilipata mwanga, lakini B ilipata mbolea. Maji yake yatakuwa ya kijani zaidi. Sasa linganisha B na C. Zote mbili zilipata mbolea, lakini C haikupata mwanga. Mwani wake hautaongezeka. Basi mwani huhitaji mwanga na chumvichumvi pamoja. Kimoja kikikosekana, hauwezi kustawi.

Katika tangi la matumbawe hatuwezi kuuzima mwanga wote, maana matumbawe nayo yanauhitaji. Hivyo silaha yetu kubwa ni kuipunguza mbolea.

6. Mbolea ya tangi hutoka wapi?

Hakuna mtu anayetia samadi katika tangi lake. Hata hivyo mbolea huingia kila siku kwa mlango mwingine, nao ni chakula cha samaki.

Samaki hula, kisha hutoa kinyesi. Chakula kilichosalia na kinyesi huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wanaoishi mchangani na mawe­ni huibadili amonia kuwa nitriti, kisha huibadili nitriti kuwa nitrati. Nitrati haina sumu kali kama amonia, lakini ni mbolea nzuri ya mwani. Pamoja nayo hupatikana fosfati, ambayo pia hutoka katika chakula. Fosfati na silika huweza kuingia hata katika maji ya bomba yanayotumiwa kujazia tangi.

Sasa umeielewa sababu. Mtu anayewahurumia samaki wake na kuwalisha mara nyingi kwa siku, ndiye anayeulisha mwani bila kujua.

7. Njia za kuuzuia mwani

(a) Punguza chakula. Wape samaki kiasi wanachoweza kukimaliza kwa dakika chache. Ondoa mabaki kabla hayajaoza.

(b) Badili maji. Kila juma ondoa sehemu moja ya kumi ya maji, na utie maji mapya yaliyochujwa vizuri na kutiwa chumvi.

(c) Toa uchafu kwa povu. Kando ya tangi huwekwa chombo kinachopuliza mapovu madogo katika maji ya chumvi. Uchafu hushikamana na mapovu, hupanda juu pamoja na povu, kisha humwagika katika kikombe. Povu ambalo mawimbi huliacha ufukweni hutokea kwa namna hiyo hiyo.

(d) Pima mwanga. Taa ziwake kwa muda wa saa 8 hadi 10 tu kwa siku. Usiliweke tangi mahali linapopigwa na jua la dirishani.

(e) Ondoa mwani kwa mkono. Kwangua kioo na ng'oa nywele, kisha nyonya mabaki kwa mpira mwembamba na kuyatoa nje. Mwani uliong'olewa ukiachwa majini huoza, na chumvichumvi zake huulisha mwani mwingine.

(f) Tumia wanyama wanaokula mwani. Konokono hukwangua kioo na mawe. Shefuma, yaani mnyama wa mviringo mwenye miiba mingi, hula mwani. Samaki kama kangaja na tasi hula nywele za kijani, lakini wao huhitaji tangi kubwa.

(g) Otesha mwani mzuri mahali pake. Watunzaji wengine huotesha mwani katika chombo cha pembeni chenye taa yake. Mwani huo hunyonya nitrati na fosfati. Unapokua, huvunwa na kutolewa nje pamoja na chumvichumvi ulizozinyonya.

Hata hivyo usidhani kwamba chumvichumvi zote ziondolewe kabisa. Matumbawe nayo yanazihitaji kidogo. Kamasi ya kahawia uliyoisoma hapo juu mara nyingi hutokea katika tangi ambalo nitrati na fosfati zake zimekwisha. Jambo linalotakiwa ni kiasi.

Mfano wa hesabu

Tangi lina lita 200 za maji. Kila lita ina miligramu 40 za nitrati. Mtunzaji hubadili lita 20 kila juma, nayo ni sehemu moja ya kumi. Atahitaji chumvi kiasi gani kwa maji mapya?

Gramu 35 × 20 = gramu 700.

Baada ya kubadili maji, nitrati hushuka kutoka miligramu 40 hadi 36 kwa lita. Lakini kama chakula cha juma zima huongeza miligramu 4 kwa lita, mwisho wa juma nitrati itarudi kuwa 40. Mtunzaji amefanya kazi na hakuna nafuu.

Tuseme sasa amepunguza chakula kwa nusu, hata nyongeza ikawa miligramu 2. Mwisho wa juma la kwanza nitrati itakuwa 36 + 2 = 38. Mwisho wa juma la pili itakuwa 34.2 + 2 = 36.2. Kila juma itazidi kushuka. Kazi ya kuondoa haifai kitu ikiwa kazi ya kuongeza inaendelea vile vile.

8. Usiutupe mwani wa tangi baharini

Katika mwaka 1984, mwani wa kijani uitwao kaulepa ulionekana baharini chini ya jumba la maonyesho ya viumbe wa bahari huko Monaco, katika Bahari ya Mediterania. Ulikuwa umechukua eneo la meta 1 ya mraba hivi. Mwani wa aina hiyo ulikuwa ukioteshwa katika matangi. Kipande kidogo tu chaweza kuota kikawa mwani mpya. Ulipofika mwaka 2000, ulikuwa umekwisha kuenea katika pwani za Ufaransa, Hispania, Italia, Kroatia na Tunisia, na kuyafunika majani ya bahari ambamo samaki huzaliana.

Katika mwaka 2000 mwani huo ulionekana pia California, nchini Marekani. Huko watu waliufunika upesi kwa karatasi nene za plastiki na kutia dawa ya klorini chini yake. Kazi hiyo iligharimu mamilioni ya dola, na mwaka 2006 ilitangazwa kwamba mwani umekwisha. Kwa hiyo mwani wa tangi ukaushwe juani hadi ufe kabisa, kisha uzikwe au utupwe penye takataka. Usiutupe baharini wala katika mfereji.

9. Tangi na bahari yetu

Yale yanayotokea katika tangi yametokea katika bahari pia.

Katika Ghuba ya Kaneohe, kwenye visiwa vya Hawaii, maji machafu ya mjini yalikuwa yakimwagwa kwa miaka mingi. Mwani wa vipovu ulistawi na kuyafunika matumbawe. Kati ya mwaka 1977 na 1978 maji hayo yalielekezwa nje ya ghuba, kwenye kina kirefu. Katika miaka michache iliyofuata mwani ulipungua sana. Mbolea ilikuwa imeondolewa.

Katika kisiwa cha Jamaika watu walikuwa wamewavua kupita kiasi samaki wanaokula mwani. Shefuma ndio waliobaki kuifanya kazi hiyo. Katika mwaka 1983 na 1984 ugonjwa uliwaua shefuma karibu wote katika Bahari ya Karibi. Mwani ukakosa wa kuula. Mwishoni mwa miaka ya 1970 matumbawe yalifunika nusu hivi ya miamba ya Jamaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hayakufika hata sehemu 5 katika kila 100. Hapo walaji walikuwa wameondolewa.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki pono, kangaja na tasi hufanya kazi ile ile ya kula mwani. Lakini huko Kenya wataalamu wameona kwamba mahali ambapo samaki aina ya kikande, anayekula shefuma, amevuliwa mno, shefuma huwa wengi kupita kiasi na kuukwangua mwamba wenyewe. Basi hata mlaji wa mwani huhitaji mlaji wake. Ndiyo maana sehemu fulani za bahari zimehifadhiwa, kama vile Malindi na Watamu tangu mwaka 1968, na Mafia tangu mwaka 1995.

Mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi yasile pwani, na samaki wengi wanaovuliwa na wazee wetu hukulia humo. Mvuvi, mkulima anayetia mbolea karibu na mto, na mtu anayechimba choo ufukweni, wote wana mkono katika uhai wa mwamba huo.

10. Mambo ya kukumbuka

1. Mwani hukua penye mwanga na chumvichumvi.
2. Mwani mwingine una faida: ule ulio ndani ya matumbawe, na gamba la waridi.
3. Tambua aina ya mwani kabla ya kuchagua njia ya kuuzuia.
4. Mwani mwingi ni dalili. Itafute sababu na uiondoe. Usiridhike na kukwangua tu.
5. Mwani wa tangi usitupwe baharini.

11. Maswali

1. Kwa nini tangi la matumbawe huhitaji taa kali?
2. Taja njia tatu ambazo mwani msumbufu huwadhuru viumbe wengine.
3. Juma ameona utando mwekundu wenye harufu mbaya katika pembe ya tangi. Ni kiumbe gani? Aifanyie nini sehemu hiyo?
4. Katika jaribio, kwa nini chupa A haikutiwa samadi?
5. Kwa nini mwani uliokwanguliwa usiachwe ndani ya tangi?
6. Tangi lina lita 120. Mtunzaji akibadili sehemu moja ya kumi ya maji, atahitaji gramu ngapi za chumvi?
7. Eleza tofauti kati ya sababu iliyouongeza mwani katika Ghuba ya Kaneohe na ile iliyouongeza huko Jamaika.

Kazi ya kufanya: Tembelea kisima, bwawa, mto au ufuko ulio karibu na shule yako pamoja na mwalimu. Angalia kama kuna mwani mwingi. Tafuta mahali chumvichumvi zinapoweza kuingilia majini, kisha waeleze wenzako darasani mambo mliyoyaona na jambo ambalo watu wa mahali hapo wanaweza kulifanya.